Mpagani Aliyeazimwa na Kanisa

Mpendwa Papa Neema,

Maharagwe uliyoyapanda kabla hatujaenda Mbarara yalikomaa vizuri. Nimeyavuna, na sasa hivi yametandazwa uani yakauke, kuku nawafukuza kwa mkono mmoja na kukuandikia kwa mwingine. Nimeanza na maharagwe kwa sababu nakujua, ungeniuliza hayo hata kabla ya kunisalimia. Haya, salamu zako ni hizi. Mimi mzima. Neema binti yetu naye mzima, bado yuko Mbarara anashona, na hunipigia simu kila Jumapili nikitoka kanisani. Baiskeli yako imeegemea ukuta pale pale. Wanaokuja kuiazima nawapa jibu ambalo wewe, kwa ulaini wako, usingewapa.

Kuna jambo linanikaa kifuani tangu Ijumaa Kuu na sina wa kumwambia. Nikimwambia Pasta atalifanya mahubiri. Nikiwaambia akina mama watalia na mimi vizuri kabisa, kisha watalitembeza bombani mpaka jioni kijiji chetu cha Kashojwa kizima kiwe nalo. Tena ni jambo lako. Wewe ndiye ninayetaka ulisikie, kwa hiyo naandika tu, barua ifike isifike.

Unakumbuka mambo haya yalivyoanza? Wewe wakati ule ulikuwa mtu wa nje. Kila Jumapili ulinisindikiza kanisani umenibebea kigoda changu, unakiweka mlangoni, unanitazama mpaka nikae, halafu unarudi kukaa penye baiskeli za waumini. Mvua ikinyesha ulijibana chini ya ukingo wa mabati. Nilikuwa nasikia unakohoa wakati wa mahubiri, na kikohozi chako mara nyingine kilikuwa na maoni. Watu waliofika hapa kambini Nakivale baadaye hawakujua kwamba kule kwetu Fizi wewe ulikuwa mwimbaji, na kwamba sauti yako nzito ndiyo iliyonifanya nibadilishe benchi kanisani ili nikuone vizuri.

Mimi nilijua kilichokutoa kanisani. Tulipokimbia vita, mama yako alianza kuugua njiani, ukamwombea njia nzima. Hukuomba kwa kunong'ona, uliomba kwa sauti mpaka ikakauka, umembeba mgongoni na bado unaomba. Alifariki hivyo hivyo. Tulipomzika kando ya barabara ulichukua Biblia yako ukamfungia ndani ya kanga yake, ukarudisha udongo. Sikukuzuia. Ulinieleza mara moja tu, tulipokwisha kupata kiwanja na kujenga, na hukurudia tena: "Nilimuita, Mama Neema. Nilimuita mingi. Hakuitika. Siwezi kuendelea kupiga hodi ku nyumba yenye hakuna mutu."

Nikakupikia ugali, tukala.

Basi korali yetu, kwaya ya kanisa, ikaamua kuigiza mateso ya Masihi uwanjani, nje ya kanisa, ili hata wasioingia waone. Wanafunzi wa Yesu walipatikana siku ile ile. Akina mama wa Galilaya tulikuwa wengi kupita kiasi, tukaanza kunyang'anyana vitambaa vya kichwa. Samweli muuza samaki, kwa wembamba wake na upole wake, akapewa nafasi ya Yesu, na hakuna aliyebisha. Taabu ikawa kwa wapinzani. Nani amwambie Masihi kwamba ni mwongo? Nani asimame chini ya msalaba amcheke? Wazee walisema mdomo uliobatizwa hauwezi kumtukana Bwana, hata kwa mchezo. Fundi mmoja alijitolea, akasema maneno yale kwenye repetisyo, yale mazoezi ya mchezo, na kesho yake akaamka na malaria. Kambi nzima huugua malaria, lakini yake yeye ikasemwa imetokana na maneno yale. Akaombewa mdomo, akajitoa. Tukabaki na Masihi asiye na mtu wa kumpinga.

Ndipo Pasta akatoka nje akakukuta penye baiskeli. Mimi nilikuwa mlangoni nasikia.

"Papa Neema, tuko na shida."

"Shida gani, Pasta?"

"Tumekosa mupagani."

Ulicheka mpaka ukashika mpini wa baiskeli usianguke. "Sasa munataka kuniazima?"

"Kukuazima tu. Kiisha Pasaka, tunakurudisha."

"Sawa. Mudomo yangu haina ya kuharibika."

Nilidhani utacheza siku moja uchoke. Kumbe uliwataka wapinzani wote! Ulikuwa mtu wa Nazareti, ulikuwa ndugu yake Yesu asiyemwamini, ulikuwa mzee wa baraza, na mwisho ulikuwa yule anayesimama chini ya msalaba na kudhihaki. Ulibadilisha kofia tu na kugeuza koti. Nyumbani ulikuwa unatengeneza baiskeli za watu huku unawatetea hao watu wako kama mawakili. Wale wa Nazareti ulisema unawaelewa kabisa.

"Weye mwenyewe, Mama Neema. Kama mutoto wa ule fundi mwenye alitutengenezea mulango anakuja kesho, anasema yeye njo Masiya, utasema nini?"

"Nitaamini."

"Hapana! Utamuuliza kwanza juu ya mulango."

Na mlango wetu, nikujulishe, bado haufungi.

Ndugu zake ndio uliowahurumia zaidi. Ulisema mtu aliyekula na wewe sahani moja, ukamfuta kamasi, ukamwona akililia maziwa, kumwamini kwamba yeye ndiye aliyesubiriwa na taifa zima ni kazi ngumu, wasilaumiwe haraka. Wazee wa baraza hukuwapenda. Hao ulisema walimwamini kimoyomoyo wakaogopa kupoteza viti vyao, na wewe ulikuwa na hasira nao kuliko hata Pasta. Nilikuwa napepeta mchele nakusikiliza na kuwaza kwamba nimeolewa na mtu asiyeamini anayejua Injili kuliko wanaoamini. Mara nyingine nilikuchokoza: "Kama hakuna mutu mu nyumba, mbona unaongea juu yake kila siku?" Ulinirushia kitambaa chenye grisi.

Na ulicheza vizuri mno. Mwaka ule wa kwanza Mama Zawadi, muuza nyanya, alikataa kukuuzia. Ulienda na bakuli, akaiweka mikono kiunoni.

"Weye! Nilikuona vile ulikuwa unatukana Bwana!"

"Mama Zawadi, ile ni teatre, muchezo tu."

"Teatre ya ku Bwana?"

Ulirudi na bakuli tupu, una furaha kama umepewa cheti. Nikawa naenda mimi kununua nyanya mpaka hasira zake zikapoa.

Lakini palikuwa na mahali pamoja ulipokwama. Ndipo ninapotaka kufika.

Samweli akishafungwa kwa kamba msalabani, anawaombea wanaomtesa, kisha wewe unatakiwa useme: "Aliokoa bengine. Sasa ajiokoe yeye mwenyewe, tuone!" Maneno machache tu. Nyumbani uliyasema huku unajaza tairi upepo, bila kufikiri. Uwanjani, siku yenyewe, ulinyamaza. Samweli anamaliza, watu wanakungoja, wewe umesimama pale umeinua uso, kofia mkononi, kimya. Mimi niko mbali na akina mama wa Galilaya, kule kwenye mikaratusi, kwa sababu imeandikwa kwamba waliomjua walisimama kwa mbali. Nilikuwa naweka mikono mdomoni nakutumia maneno: "Aliokoa bengine! Papa Neema! Aliokoa bengine!" Watu wakicheka. Hatimaye ulikuwa unayasema, chini chini, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichoweza kununua, na Pasta anapaaza: "Sauti, mzee!"

Mwaka uliofuata, hivyo hivyo. Na uliofuata. Ikawa sehemu ya mchezo, watoto wakaanza kuingoja. Nilikutania njiani kurudi nyumbani, nikakwambia kichwa chako kimeingia kutu. Ulinibebea kigoda changu, ukasema, "Njo ile tu, mama. Nasahau."

Nikaamini kwamba unasahau.

Halafu ukaanza kukonda. Tulikwenda Mbarara, na siku tulizokaa hospitalini nazikumbuka kwa harufu ya sabuni na kwa vile ulivyokataa kuvua kofia. Mgonjwa wa kitanda cha jirani aliuguzwa na dada yake, mke wa askari wa kambi ya jeshi ya Makenke, mama mnene mwenye moyo mkubwa, aliyewaombea wagonjwa wote bila kuwauliza. Wewe pekee alikuuliza kwanza.

"Mzee, wewe naokoka?"

"Miye ni mutu wa Pasaka tu, mama."

Hakuelewa, maskini, lakini alicheka. "Eh, hata Pasaka iko muzuri!" Akakuombea hivyo hivyo, mkono wake juu ya kofia yako, nawe hukuutoa.

Mchana ule alipotoka kufua, nilikuuliza swali nililolibeba tangu Fizi. Nilikuwa nimelikwepa kwa sababu niliogopa jibu. Mimi naamini tutafufuka, Papa Neema, naamini kama ninavyoamini kwamba mkono huu ni wangu, na nilikuwa nakuona unaondoka na sijui unaelekea upande gani. Nikakushika mguu juu ya blanketi nikasema, "Tutaonana?"

Uligeukia dirisha.

"Mwaka huu batakamata nani wa kutukana?"

Nilikasirika. Machozi yalinitoka kwa hasira. Nakuuliza habari ya milele, unanijibu habari ya mchezo! Wewe hukucheka.

"Sikia, Mama Neema. Fasi yangu uikamate weye. Usiachie mutu mwengine. Na usisimame mbali na bale bamama. Simama karibu."

"Sijakuuliza hiyo."

"Ile njo jibu nakupa."

Ulifariki asubuhi, nimetoka kukutafutia uji. Tukakurudisha kupitia Rwekubo, na wenye maduka pale, wale uliowatengenezea baiskeli, walisimama nje wakavua kofia.

Mazishini korali ilikuja. Ilikuimbia, na iliimba kwa machozi, lakini ilikuja bila sare, kwa maana sare huvaliwa kwa muumini tu. Ndio utaratibu, na nilikuwepo ulipopitishwa. Pasta alisema mazuri yako mengi, mikono yako, ukarimu wako, lakini hakusema kwamba umelala katika Bwana. Hakuweza. Akina mama walinishika mabega wakisema, "Mungu anajua," na unajua vile watu wanavyosema hivyo wakishindwa kusema kingine. Nililala na ile sare wasiyoivaa. Niliamka nayo. Nikienda shambani ilikuwa mbele yangu. Nilikuwa nimekukosa mezani, nimekukosa njiani, na sasa ikawa kama napaswa kuzoea kukukosa hata huko mbele, siku ya ufufuo.

Kwaresima ilipofika, Pasta akaanza kutafuta mpagani mwingine. Kashojwa haikosi wapagani, lakini wengine walikuwa wamelewa na wengine waliogopa malaria ya yule fundi. Nikasimama katika repetisyo.

"Nitafanya miye."

"Mama Neema, weye ni mama wa kanisa," Pasta akasema. "Mudomo yako..."

"Mutaniombea mudomo kiisha. Papa Neema aliniachia fasi yake."

Pasta akakubali kwa kichwa. Nikaenda nyumbani nikatoa koti lako na kofia.

Ungeniona, ungecheka hadi uite majirani. Koti linafika magotini. Kwenye sehemu ya Nazareti nilimuuliza Samweli, mbele ya watu wote, "Weye mutoto wa fundi, kwanza mulango yetu utatengeneza lini?" na uwanja mzima ukaangua kicheko, hata Mama Zawadi, kwa sababu walijua hayo ni maneno yako. Kwa dakika ile ulikuwepo. Nilijisikia mwepesi.

Kisha wakamfunga Samweli msalabani, na mimi nikasogea karibu kama ulivyoniambia.

Papa Neema, mimi miaka yote ile sikuwahi kumsikia Samweli. Hili ndilo jambo lenyewe. Sauti yake ni ndogo, na kule kwenye mikaratusi upepo unaichukua. Nilijua anaomba nini kwa kuwa nimesoma, nilikuwa naona midomo inacheza, ikitulia najua zamu yako imefika. Nimewaza sana habari hii. Sisi tuliompenda tulisimama mahali ambapo hatumsikii. Wapinzani ndio waliokuwa karibu.

Nilikuwa karibu mpaka nikaona vidole vyake vya miguu vikitetemeka, na kamba imemkaza mkononi. Alikuwa ananuka samaki na jasho. Nikamcheka kama mchezo unavyotaka. Nikatikisa kichwa, nikamnyooshea kidole. Naye akainamisha uso akatafuta wa kumtazama, na pale chini hapakuwa na mtu mwingine. Palikuwa na mimi tu, ndani ya koti lako. Akanitazama machoni akasema, polepole, si kwa ajili ya watu, "Baba, ubasamehe. Habajue ile banafanya."

Nikanyamaza.

Nilikuwa nayajua maneno yanayofuata. Nimekutumia maneno hayo miaka na miaka, mikono mdomoni! Hayakutoka. Nilisikia akina mama kule mbali wameanza, "Aliokoa bengine! Mama Neema, aliokoa bengine!" na watoto wanacheka, na mimi nimeinua uso, kofia mkononi, sikumbuki niliivua saa ngapi. Nilipoyasema hatimaye yalitoka chini chini. Pasta akapaaza, "Sauti, mama!"

Hukuwa unasahau, mume wangu. Hata siku moja hukusahau.

Ulisema ulipiga hodi hukuitikiwa. Mimi sitabishana na wewe kuhusu njia ile ya Fizi, nilikuwepo, mama yako alinipenda. Lakini kila mwaka ulikwenda kusimama penye neno lile, ukatazamwa usoni, ukaambiwa. Ungeweza kumkatalia Pasta. Mtu aliyemalizana na Mungu hamwachii mkewe nafasi ile akiwa kitandani hospitalini, tena akisisitiza asimame karibu. Nilikuuliza kama tutaonana, ukanijibu, nami nikakasirika.

Jumamosi nilimfuata Samweli penye meza yake ya samaki. Nikamuuliza kama katika miaka ile yote ulimwambia neno lolote. Alifikiri, kisu mkononi.

"Hapana, mama. Hakusema kitu." Akaendelea kuparua magamba, halafu akaacha. "Lakini kila mwaka yeye mwenyewe njo alikuwa anakuja kunifungua kamba. Alikatalia bengine. Alikuwa anafungua polepole, anaangalia hii fasi kamba ilikata, anaigusa, anasema pole."

"Pole?"

"Njo ile tu. Pole sana. Kiisha anakamata kigoda yako, munaenda."

Sijui pole ile ulikuwa unampa Samweli au unampa mwingine. Nimeigeuza hivi na hivi, na Samweli hajui, na Pasta hajui, na wale wenye sare hawajui. Imenitosha kukaa nayo. Usingizi umenirudia kidogo.

Nimekukumbuka sana, Papa Neema. Nakukumbuka kwa kikohozi chako cha kule nje wakati wa mahubiri, na sasa mahubiri yamekuwa marefu kwa sababu hakuna wa kuyakoholea. Mwaka kesho nafasi yako bado nitaishika mimi, nimeshamwambia Pasta asihangaike. Na siku nitakapofika huko, akina mama wenzangu watapita kwanza kwa wazee wa imani kuwasalimia. Mimi sitapita kwao. Nitakwenda moja kwa moja pale karibu kabisa, walipo wale walioombewa wakiwa bado wanacheka, nitafute kofia yako.

Acha nikaanue maharagwe, wingu limetanda upande wa ziwa.

Pole na safari, mpenzi wangu. Pole sana.

Ni mimi mkeo, Mama Neema,
anayejibebea kigoda siku hizi.